Mwaka 1996 ulivyoonekana kutoka Mwanza: mliokuwepo naomba msaada

MwalimuIlemela

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Nafundisha historia sekondari moja huku Ilemela. Kidato cha tatu nimewapa kazi: wachague mwaka mmoja wa Tanzania ya vyama vingi, watengeneze jedwali la matukio, halafu waeleze kwa nini mwaka huo una uzito. Kundi moja limechagua 1996. Wote wamezaliwa baadaye sana, ila wanasema bibi na babu zao huutaja mwaka huo kila mara.

Jedwali waliloniletea linasema hivi. Januari, Rais Mkapa, akiwa na miezi michache tu Ikulu, anaunda tume ya kero ya rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba. Machi, sekretarieti ya ushirikiano wa Kenya, Uganda na Tanzania inazinduliwa Arusha. Mei 21, MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, inazama. Julai 1, Mamlaka ya Mapato inaanza kazi. Oktoba, Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi anachukua ubunge wa Temeke kwenye uchaguzi mdogo. Mwishoni mwa mwaka ripoti ya Warioba inakabidhiwa, na Desemba wakimbizi wa Rwanda wanarudi kwao kutoka Ngara.

Sioni kosa. Lakini nikilisoma naona mwaka ulioandikwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam. MV Bukoba imepewa mstari mmoja, urefu uleule wa Mamlaka ya Mapato. Naomba mliokuwa huku mniambie mawili. Kwanza, kitu gani kimekosekana? Pili, idadi ya waliokufa kwenye meli: mwanafunzi mmoja kaleta 500, mwingine zaidi ya 800, mwingine 1,000. Tuandike ipi?

MzeeWaMwaloni

Marahaba mwalimu. Mimi nilikuwa nanunua samaki Mwaloni, Kirumba, miaka hiyo yote.

Wanafunzi wako wamesahau Burundi, na Burundi mwaka ule ilikuwa hapahapa mjini kwetu. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa vita vya huko, na mwezi wa nne akawaita wanasiasa wa FRODEBU na UPRONA, vyama vikubwa vya Burundi, waje kuzungumza Mwanza. Wakaja tena mwezi wa sita. Hesabu mwenyewe: meli imezama Mei, katikati ya mikutano miwili ya amani. Mwalimu alikuwa anahangaika na vifo vya nchi ya jirani, na mji aliofanyia kazi hiyo ukapata msiba wake mwenyewe. Tarehe 25 Julai mwanajeshi Pierre Buyoya akapindua serikali Bujumbura. Tarehe 31 viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Wenye malori ya Kigoma waliumia, muulize mtu yeyote wa huko.

Halafu kuna samaki. Mwaka 1994 maiti za Rwanda zilipokuwa zinashuka na mto Kagera hadi ziwani, watu waliacha kula samaki. Ilichukua muda hadi imani irudi. Meli ilipozama wakaacha tena. Mitaa ya kwetu sangara alikuwa analala mezani mpaka jioni na hakuna anayeuliza bei. Wenye viwanda walinunua, maana minofu ilikuwa inakwenda Ulaya. Mama wa kukaanga barabarani ndiye aliyekosa hela ya chumvi. Hilo hutalipata kwenye jedwali lolote la Dar.

Ya idadi namwachia mwenye uchungu nayo. Humu yupo, atajibu.

MaKemondo

Mwalimu, watoto wako hawajakosea hata mmoja. Namba ni nyingi kwa sababu waliopanda hawakuandikwa wote.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430 na mizigo tani 850. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili, nayo ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Wala si kwamba iliharibika na maji au ilipotea ofisini. Haikuandikwa. Kwa hiyo kila namba unayoisikia ya waliokufa ni makadirio: waliookolewa wanajulikana, walikuwa mia moja na kidogo, miili iliyopatikana ilihesabiwa, na waliobaki ndani ya meli wakakadiriwa kwa kusikiliza familia zilizokuja kulia. Vyombo vya habari vya kwetu husema zaidi ya 800. Wapo wanaofikisha 1,000.

Mimi ni mzaliwa wa Kemondo, nimeolewa Mwanza. Mwaka ule nilikuwa napokea ndizi bandarini. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa lakini tumelelewa jiko moja, alikuwa anazunguka Maruku na Katerero kwa baiskeli anakusanya mikungu, anaishusha bandari ya Kemondo, anasafiri nayo usiku, mimi naipokea asubuhi. Alisafiri daraja la tatu kila mara, kwa sababu mbili. Nauli yake ilikuwa ya chini, na kule ndiko mzigo ulikokaa.

Niwaeleze daraja la tatu, maana wengi wenu mnaandika kama kwamba mnalifahamu. Abiria alikaa popote alipopata. Benchi likijaa, anatandika kanga chini. Sakafu ikijaa, anakaa juu ya mzigo wake. Wachuuzi wa ndizi walilala juu ya mikungu yenyewe, wala hawakuona ni shida, kwa sababu usipolalia mzigo wako utafika Mwanza umepungua. Kila mwenye ndizi alikuwa na alama. Wapo waliokata kikonyo mikato miwili, wapo waliofunga ukambaa wa mgomba kwa fundo lao. Kaka alikuwa anachana vipande vya shuka la kijani lililozeeka, anafunga kila mkungu kwenye kikonyo karibu na chane ya kwanza. Mikokoteni ya bandarini ilijua: kitambaa cha kijani, peleka kwa yule dada.

Na kwa nini watu wote hao walijazana kwenye meli? Tazameni barabara ya wakati ule. Kutoka Bukoba kuja Mwanza kwa gari ulipita Biharamulo na Geita, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na kwenye misitu ya Biharamulo magari yalisubiriana yasindikizwe na askari kwa hofu ya majambazi wenye silaha. Ukifika ziwani bado unasubiri kivuko. Meli ilikuwa usiku mmoja, unalala, unaamka mjini. Mgonjwa anayekuja hospitali ya Bugando, mwanafunzi, mwenye kahawa, mama anayekwenda kujifungua kwa dada yake, wote walipanda meli.

Iliondoka Bukoba Jumatatu usiku tarehe 20, ikapita Kemondo ikaongeza watu na mizigo. Jumanne asubuhi, ikiwa imebakiza kipande tu kufika, ikalala upande, ikapinduka. Mimi nilikuwa bandarini na makuli na wapokeaji wenzangu. Meli ikichelewa huwa kuna kelele, watu wanabishana nani alisema nini. Siku ile kelele ziliisha kabla hatujaambiwa lolote, kwa sababu tuliona maofisa wanatembea haraka na hawatusalimii.

Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Naomba hilo liandikwe kwa jina la kazi yao: wavuvi. Meli ilikuwa imegeuka tumbo juu na bado inaelea, na ndani kulikuwa na watu hai. Waligonga. Waliokuwa nje walisikia. Kilichokuwa kinaishikilia meli juu ya maji ni hewa iliyonaswa ndani. Ukaja uamuzi wa kutoboa bati ili watu watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa ikatoka, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikaenda chini na waliokuwa wanagonga. Baadaye walikuja wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini kusaidia kutoa miili. Meli yenyewe haikutolewa.

Kaka hakuonekana kati ya waliookolewa. Hakuonekana kati ya miili tuliyofunuliwa, na mimi nilifunua shuka nyingi, sitaki kueleza zaidi ya hapo. Shemeji alikuwa Kemondo, hajui kama mumewe alipanda au alilala bandarini akisubiri safari nyingine, maana alishawahi kufanya hivyo. Tukashikilia hilo. Tukasema labda alilala.

Siku chache baadaye mikungu ikaanza kusukumwa na mawimbi pwani za Igombe. Mume wangu akaenda na baiskeli. Akarudi na kikonyo kimekatwa, kina kitambaa cha kijani na fundo la kaka yangu. Ndiyo habari ya kifo tuliyopata. Ndizi zilikuwa na alama. Mwenye ndizi hakuandikwa popote.

Shemeji alipokwenda ofisi moja kufuatilia mambo ya mirathi aliombwa tiketi. Mwalimu, tiketi ya mtu aliyezama iko mfukoni mwake. Ilibidi mjumbe aandike barua, na majirani wawili waliomsaidia kupakia mikungu pale Kemondo waape kwamba walimwona anapanda. Watu wa daraja la kwanza na la pili walionyeshwa jina kwenye karatasi. Wetu tuliwathibitisha kwa kiapo.

Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Redio Tanzania matangazo ya vifo yalikuwa hayaishi. Waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma, na makaburi na mnara wao vipo. Maofisa tisa wa shirika lililokuwa na meli, nahodha akiwemo, walifikishwa mahakamani. Nyumbani Kemondo wazee walizika shina la mgomba mahali pa kaka.

Kwa hiyo jibu langu: usiwaambie watoto wachague namba. Waandike yote matatu. Uwezo wa meli 430. Walioandikwa 443 wa madaraja mawili. Daraja la tatu hawakuandikwa, waliokufa wakakadiriwa kuwa zaidi ya 800, hata 1,000. Mstari utakuwa mrefu kuliko wa Mamlaka ya Mapato, na unastahili.

KisimaChaMaswali

Pole sana mama. Kwa heshima zote, naongea kama mtu anayesahihisha mitihani: mwanafunzi akiandika namba tatu anapoteza muda. Swali la mtihani linataka jibu moja. Mwalimu, wape "zaidi ya 800" waende mbele. Ya daraja la tatu ni habari nzuri ya mdomoni, lakini siyo lazima iingie kwenye jedwali.

MaKemondo

Ahsante kwa pole, ndugu yangu.

Kwenye mtihani waandike wanachoulizwa. Mwalimu hakuuliza mtihani, kauliza jedwali la mwaka na kwa nini mwaka una uzito. Uzito wa 1996 uko hapo unapotaka paondolewe. Nchi ilikuwa na tume ya Warioba mwaka mzima inazunguka kuuliza wananchi rushwa inafanyikaje. Jaji Warioba mwenyewe mtu wa Bunda, wa ziwa hilihili. Ripoti ikatenganisha rushwa ndogo ya mtu ambaye mshahara haumtoshi na rushwa kubwa ya mwenye tamaa. Mimi nimesafiri kwenye vyombo vingi vya majini kabla na baada. Nimeona kwa macho yangu, mara nyingi na sehemu tofauti, mtu wa getini anapokea hela mkononi na kumpitisha abiria asiye na tiketi. Abiria anashukuru kwa sababu amewahi kwake, mtu wa geti amepata ya sukari, na idadi ya watu ndani ya chombo haijui mtu yeyote duniani. Ripoti na meli ni sura moja ya mwaka mmoja. Ukiziweka mistari mbalimbali mwanafunzi haoni.

Na kuna lingine. Mtoto akitafuta MV Bukoba kwa lugha za kigeni atakutana na Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa al-Qaeda, aliyekuwa abiria akafa humo. Vitabu vya nje vimemwandika, safari yake imefuatiliwa, aliyesafiri naye anajulikana. Mtu huyo anajulikana dunia nzima, na mamia ya wachuuzi wa ndizi wa Kagera hawana hata karatasi. Ndiyo maana nasema daraja la tatu liingie kwenye jedwali kwa maandishi, siyo kwa mdomo.

NgaraMpakani

Mama Kemondo pole, sisi wa Kagera tunalia pamoja nawe.

Nichangie mstari wa Desemba, maana nilikuwa kijana Ngara na nao umebanwa mno. Kwanza mwanafunzi ajue wakimbizi walivyokuja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikawa ghafla na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara, kuni zikawa za kutembea nusu siku. Lakini msisahau upande wa pili: kulikuwa na kazi kwenye mashirika, kulikuwa na soko, ndizi zetu zilipata bei, na mafuta ya kula ya msaada yaliuzwa mpaka Biharamulo.

Kuja Desemba 1996, serikali pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakatangaza kwamba Wanyarwanda wote waliopo Tanzania warudi kwao kabla ya tarehe 31. Wengi waliogopa. Katikati ya mwezi kambi zikaondoka usiku, lakini hazikuelekea Rwanda, zilielekea ndani ya Tanzania. Askari na polisi wakazifunga njia wakazigeuza. Nilisimama kando ya barabara ya Rusumo. Watu walipita tangu alfajiri hadi giza, wana godoro kichwani, sufuria zimefungwa mgongoni, mbuzi, mzee kabebwa kwenye toroli. Karibu nusu milioni walivuka mwezi ule. Hatukuona watu wanapigana, tuliona watu wamechoka. Mmoja alitaka kuniachia redio yake kwa sababu ilikuwa nzito. Nikamwambia aende nayo, ataihitaji kusikia habari za kwao.

Mpaka leo wapo wanaosema serikali ilifanya sawa, wapo wanaosema watu walilazimishwa. Mwanafunzi aandike yote mawili. Mimi niliona bunduki kando ya barabara, siwezi kusema walikwenda kwa hiari yao wote.

KahamaDamu

Ongezeni machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliamriwa kutoka ili eneo libaki kwa kampuni ya Kanada. Maelfu waliondoka na vyungu na karai. Kuna madai ya wachimbaji kufukiwa mashimoni. Serikali na kampuni walikanusha, na ubishi haujaisha. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa ya leo inaanzia miaka hiyo, kwa hiyo mwaka haukamiliki bila hilo.

MwalimuIlemela

Nawashukuru wote. Jedwali nimeshalivunja. Wanafunzi wamekubaliana liwe na safu mbili: kilichotokea, na nani aliandikwa na nani hakuandikwa. Wazo la safu ya pili limetoka kwao baada ya kusoma hapa. Mikutano ya Burundi, Bulyanhulu na bei ya samaki vimeingia.

Mama Kemondo, mmoja wao ameuliza swali nimeshindwa kulijibu. Baada ya 1996 walianza kuandika?

KijanaWaUkara

Naomba nijibu mimi, mama apumzike.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara kikitokea Bugolora. Siku ya mnada, watu wamebeba mahindi, bia, saruji. Uwezo wake ulikuwa abiria 100. Walikufa 228, waliookolewa 41. Nimekua na wengi wao. Jioni ya siku ya kwanza hakuna aliyeweza kusema ndani mlikuwa na watu wangapi. Tulihesabu miili tu, kesho inaongezeka, keshokutwa inaongezeka. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa kwenye chumba cha injini penye hewa. Watu wazima pale gatini walikuwa wanapiga kelele "msitoboe, msitoboe." Walikuwa wanakumbuka Bukoba.

Siku hizi kwenye vyombo vikubwa ukikata tiketi wanaandika jina, na mara nyingine namba ya simu. Kwenye mitumbwi ya kwenda visiwani hakuna anayekuuliza jina.

MzeeWaMwaloni

Na tuseme na lililo jema, maana watoto wanasoma. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Pale pale tulipokuwa tunalala foleni ya kivuko. Mgonjwa wa Sengerema anafika Bugando bila kumwuliza mtu ziwa lina hali gani. Na meli mpya, MV Mwanza, imejengwa hapa Mwanza Kusini, abiria 1,200. Nimekwenda kuitazama kwa macho yangu.

MaKemondo

Mzee wangu, nami nimekwenda kuitazama. Ni meli nzuri na nitapanda. Nitataka tu kuona mtu wa daraja la chini anaandikwa kwa kalamu ileile ya mtu wa kitanda.

Mdogo wangu wa Ukara, poleni sana. Sikujua la kusema Septemba ile, na sasa hivi sijui.

Mwalimu, wanafunzi wako wakitaka kwenda mbali zaidi, kazi ipo na haijafanywa vya kutosha. Nusu ya wanafunzi wa Ilemela na Nyamagana wana mtu wa Kagera kwenye ukoo. Kila mmoja aulize nyumbani kwao: nani alikuwa anasafiri Mei 1996 na hakurudi, alikuwa daraja gani, alibeba nini, alipandia Bukoba au Kemondo, nani alimsindikiza bandarini. Waandike kwenye daftari moja, wakague na majirani ili mtu mmoja asiandikwe mara mbili kwa jina la ubatizo na jina la nyumbani, maana sisi Wahaya tunayo yote mawili. Wasiyaweke mtandaoni bila ruhusa ya familia. Mimi nitawapa la kaka, na la shemeji ya jirani yangu, na la binti aliyekuwa anakuja kuanza kazi ya ualimu ambaye tulimngoja pale bandarini na mama yake mdogo.

Ila usiwatume kwa mama yangu mkubwa na karatasi ya maswali mkononi. Ana miaka mingi na masikio yake mazito. Waje Jumapili baada ya ibada, wasalimie, wakae. Wamuulize kwanza mwanawe alikuwa anapenda kula nini. Ataanzia hapo mwenyewe mpaka kwenye baiskeli, mikungu na shuka la kijani, kwa sababu shuka lile lilikuwa lake, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

MwalimuIlemela

Tumepokea mama. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, wanafunzi wanne na mimi. Nitakutumia ujumbe faraghani tupange muda.